Safari ya Makka Niliyoikosa na Mume Niliyempata Pangani

Siku ya Alhamisi, tarehe 27 Februari 2020, kaka yangu alinipigia simu wakati wa mapumziko ya saa nne, nikiwa katika ofisi ya walimu na rundo la madaftari ya darasa la tano mbele yangu, akaniambia kwamba Saudi Arabia imesitisha kuingia kwa wageni wanaokwenda kufanya umra kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nilimuuliza kama ni kwa wiki moja au mbili. Akajibu kwamba hakuna ajuaye. Tulikuwa watu watatu, yaani mama, yeye na mimi. Tulikuwa tumekwisha kulipa, pasipoti zetu zilikuwa mikononi mwa wakala, na tulikusudia kuondoka Aprili ili Ramadhani itukute huko. Mimi nilikuwa nimeweka akiba kwa miaka sita kutoka katika mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, na kila aliyewahi kuishi kwa mshahara huo anajua uzito wa miaka sita.

Kwetu Tanga, mtu akijulikana kuwa anakwenda Makka, watu humjia na haja zao. Mwenye mgonjwa humtaja mgonjwa wake, mwenye deni hulitaja deni lake, na asiyejaliwa mtoto hukunong'oneza mlangoni wakati wengine wamekwisha kutoka. Kwa hiyo nilikuwa na daftari ambamo niliandika dua za watu pamoja na majina yao, ili nikifika mbele ya Al-Kaaba nisimsahau hata mmoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wangu mwenyewe. Niliandika humo, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, kwamba namwomba Mwenyezi Mungu aiondoe moyoni mwangu hamu ya kuwa na mume, anipe utulivu wa kuishi peke yangu mpaka siku atakayonichukua. Nilikuwa na umri wa miaka 37.

Niliolewa mara ya kwanza nikiwa na miaka 24 na nikaachwa nikiwa na miaka 29. Yaliyotokea ndani ya miaka ile mitano sitayaeleza, maana aliyekuwa mume wangu yu hai, ana watoto na heshima yake, na siri za chumba zina haki ya kubaki chumbani hata baada ya talaka. La kwangu mimi ninaweza kulisema. Wakati ule nilikuwa nimempenda kabla sijauliza lolote juu yake. Mama aliponihimiza niswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo la kheri, tulikuwa tumekwisha kuchagua hata rangi ya sare za harusi, nami niliswali kama mtu anayepeleka barua iliyokwisha kuandikwa ili igongwe muhuri tu. Usiku ule niliota bustani yenye maji. Nilimsimulia kila mtu, na kila mtu akasema kuwa alama imeonekana. Baada ya edda kwisha nilibeba miaka minane ya hasira ambayo sikuthubutu kuitaja kwa jina lake, kwa kuwa nilikuwa nimemkasirikia Mungu kwa ahadi ambayo Yeye hakuitoa. Ile safari ya umra nilikuwa nimeipanga iwe ndiyo mapatano yetu: nimwachie habari ya ndoa, naye anipe amani.

Tarehe 16 Machi alitangazwa mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania, na kesho yake zikatangazwa habari za kufungwa kwa shule. Wakala alirudisha fedha zetu vipande vipande, baada ya safari nyingi za kwenda ofisini kwake na kurudi mikono mitupu, na sehemu nyingine haikurudi kabisa. Mama hakutaka zilizopatikana zikae benki. Alisema kwamba shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, amelala masika mbili chini ya bati linalovuja huko Pangani, na kwamba fedha iliyonuiwa kwenda nyumba ya Mungu, ikiwa njia imefungwa, basi na iende ikamsitiri mja wake. Niliumia sana. Niliona kama nimenyang'anywa mara mbili, mara ya kwanza safari na mara ya pili akiba. Hata hivyo sikuwa na hoja ya kumjibu mama, nikafunga mkoba wangu, nikaliweka lile daftari chini kabisa ya nguo, nikaenda.

Pangani iko kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga, pale mto unapoingia baharini, na ng'ambo ya pili ni Bweni, ambako watu huvuka kwa kivuko. Shangazi alikuwa amekwisha kumpata fundi. Kazi yake hasa ilikuwa kuunda na kukarabati mashua kando ya mto, lakini maagizo yalikuwa yamepungua tangu boti za faiba zilipoenea, hivyo alikuwa akipaua pia nyumba za watu. Alikuwa na miaka 44, mgane wa miaka mitatu, na alikuja kazini na binti yake wa miaka tisa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nilimwita Fundi, na kwa siku za mwanzo hatukuwa na maneno mengine zaidi ya salamu, bei ya misumari na chai ya saa nne.

Siku ya tatu alishuka na kipande cha boriti kilicholiwa na mchwa kikabaki ganda. Alimwambia shangazi, nami nikiwapo, kwamba hesabu aliyotoa mwanzoni ilikuwa na kosa, kwa kuwa aliitoa akiwa chini bila kupanda kuangalia. Tutalipia mbao tu, lakini siku za kazi zitakazoongezeka ni juu yake, maana kosa ni lake. Nimejenga na kukarabati kidogo katika maisha yangu, na nimeshuhudia mafundi wengi wakigundua makosa, ila sikuwahi kumwona hata mmoja akiyahesabu upande wake. Nilinyamaza, lakini jambo lile nililiweka.

Yule binti alikuwa akikaa barazani akichora chini kwa kijiti. Nilimpa kitabu cha darasa la pili anisomee, akasoma vizuri mno, mpaka nilipoufunika ukurasa kwa mkono wangu naye akaendelea kusoma bila kuona maandishi. Alikuwa amekariri kwa masikio. Mama yake alifariki alipokuwa anaanza darasa la kwanza, na katika mwaka ule wa msiba hakuna aliyegundua kwamba mtoto hajui kusoma, kwa sababu alikuwa hodari wa kukumbuka. Nikaanza naye upya, silabi kwa silabi, kila asubuhi. Katika wiki ya pili watoto wa jirani walijiunga, baraza ikawa darasa, na juu yetu nyundo iligonga bila kukoma. Asubuhi moja nilimpa sentensi ambayo hakuwahi kuisikia, niliyoitunga palepale, kuhusu paka aliyekataa kuvuka mto. Alisimama katika kila neno, akarudi nyuma, akajaribu tena, akamaliza. Ndipo nilipotambua kwamba nyundo imenyamaza. Nilipotazama juu nilimwona baba yake amekaa juu ya mbao, amefunika uso kwa viganja vyote viwili.

Paa lilikwisha kabla ya Ramadhani kuanza. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, lakini shangazi alilala pakavu. Mimi ningeweza kurudi Tanga, ila shule zilikuwa bado zimefungwa, na nilijiambia kwamba ninabaki kwa ajili ya mtoto asiache kusoma katikati. Nadhani wakati ule niliamini hivyo. Futari ilipita nyumba kwa nyumba kama ilivyo adabu ya pwani: shangazi alipeleka mihogo ya nazi na tambi, na kutoka kwao alikuja yule binti na bakuli la samaki lililofunikwa kawa.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani nilitoa daftari langu. Nilikuwa nimenuia kwamba, kwa kuwa sikufika Makka, dua za watu niziombe katika usiku zile tukufu hapohapo Pangani, mtu mmoja mmoja kwa jina lake. Nilizisoma zote kwa siku tatu. Nilipofika kwenye ukurasa wangu, ambao nilikuwa nimeuacha wa mwisho, ulimi ulikuwa mzito. Sikuweza kumwomba Mungu aiondoe ile hamu, kwa sababu nilikuwa nimejua, na hakuna aliyeniambia, kwamba kama ataiondoa nitasikitika.

Hapo ndipo niliporudi kwenye istikhara, na ninaomba niseme juu yake kwa urefu, kwa kuwa naona dada zangu wengi wanaidhulumu kama nilivyoidhulumu mimi. Jabir bin Abdillah amesimulia, katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yao kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qurani. Mtu huswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha huomba kwamba, ikiwa jambo lile ni kheri kwake katika dini yake, maisha yake na mwisho wa mambo yake, Mungu amkadirie, amfanyie wepesi na ambarikie; na ikiwa ni shari, Mungu aliepushe naye, amwepushe nalo, amkadirie kheri popote ilipo, kisha amridhishe nayo. Hakuna ndoto katika hadithi ile. Hakuna bustani, rangi ya kijani wala rangi nyeupe. Mwenye kuomba anaondoka na kazi ya kuendelea kutembea, achunguze, aulize, apige hatua, na aangalie kama njia inafunguka au inafungwa. Nilipokuwa na miaka 24 nililisoma neno «unikadirie» kwa sauti kubwa na neno «uniepushe» kwa kunong'ona. Safari hii nilijitahidi yote mawili niyaseme kwa sauti moja, na ilinichukua usiku mwingi kabla sijaweza, kwa sababu mtu anayependa huogopa neno la pili.

Pamoja na kuswali niliuliza watu, maana wazee wetu huifuatanisha istikhara na kutaka ushauri. Nilimuuliza imamu wa msikiti wao. Nilimuuliza mwenye duka ambaye Fundi humkopa sukari na unga, kwa kuwa muuza duka anamjua mtu kuliko imamu. Kisha nilivuka kwenda Bweni kumwona mtu ambaye ushahidi wake niliuogopa kuliko wote, yaani mama mzazi wa marehemu mkewe. Nilimwamkia, akanikaribisha mkekani, na kabla sijamaliza maneno yangu ya kuzunguka akanikatiza. «Mwanangu,» akasema, «mimi nimempoteza binti. Mkwe sikumpoteza. Tangu tulipozika hajapitisha Ijumaa bila kuvuka na mtoto kuja kunijulia hali, na akipata samaki, wa kwanza ni wangu.» Halafu alilia, nami nikalia pamoja naye, kwa sababu nilielewa kwamba anampa mwanamke mwingine nafasi ya mwanawe, na anaitoa kwa mkono ulionyooka.

Lilibaki jambo la nani aanze. Fundi hakuwa amesema lolote, na kwa hali yake ya fedha nilijua huenda asiseme kamwe. Kwetu mwanamke kuanza ni aibu, na mwanamke aliyeachwa kuanza ni aibu zaidi, lakini bibi Khadija alikuwa mjane mwenye mali na hadhi yake, na ni yeye aliyemtuma rafiki yake Nafisa kwenda kumsikiliza Mtume kuhusu ndoa, kabla hajapewa utume. Kila mwaka tunaisoma sira hiyo katika maulidi, tunamsifu kwa kila kitu isipokuwa kwa ujasiri huo. Nilimwendea shangazi baada ya swala ya alfajiri, nikamwamkia, nikamweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Akanishika mkono. «Nilikuwa ninakungoja wewe, mwanangu,» akasema. «Nisingelianza mimi, usije ukasema baadaye kwamba nilikusukuma.»

Alikwenda yeye mwenyewe. Fundi aliomba siku tatu ili naye aswali istikhara yake, na siku ya nne alirudi kwa shangazi na swali moja tu, kama mimi nipo tayari kuishi na jina la marehemu mkewe likitajwa nyumbani, kwa sababu hatakubali binti yake amsahau mama yake. Nilijibu kwamba kama angetaka jina lile lifutwe, ningekataa mimi.

Mambo ya posa yalikwenda kwa utaratibu wa kawaida: mshenga alikuja Tanga na kaka yake mkubwa, barua ikafungwa kwenye kitambaa cheupe, na kaka yangu, ambaye ndiye walii wangu kwa kuwa baba hayupo, akaipokea na kuijibu. Nilipoulizwa mahari nilitaja shilingi 200,000 na kasha la mvule atakalolitengeneza kwa mikono yake. Tulifunga ndoa Ijumaa moja ya Januari 2021 baada ya swala, tukapika pilau ya majirani, na jioni ileile shangazi akarudi Pangani na paa lake zima.

Ninaandika haya baada ya miaka kadhaa ya ndoa, na ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba kheri ilikuja bila taabu. Uhamisho wangu wa kazi ulichukua miezi kumi, na muda wote huo nilikuwa nikisafiri kila Ijumaa jioni katika barabara ambayo lami yake ilikuwa bado inajengwa, nikifika na vumbi hadi kwenye kope, na kuondoka tena Jumapili. Kulikuwa na msimu mzima ambao mume wangu hakupata mashua hata moja. Mshahara wa mke ni mali yake katika dini yetu, naye hakuwahi kuugusa kwa kisingizio cha unyumba. Alinikopa shilingi 350,000 za kununulia mbao, akaandika, na alipouza akarudisha zote ingawa nilimwambia abaki nazo. Katika ndoa yangu ya kwanza kulikuwa na maneno mengi matamu. Katika hii kuna mtu anayerudisha deni, anayeniamsha alfajiri kwa kunigusa bega mara moja tu, na ambaye tukigombana hulala akiwa amekwisha kuniambia neno la kheri hata kama hoja yetu haijaisha. Qurani, katika sura ya Ar-Rum, inataja kwamba Mungu ameweka baina ya mume na mke mapenzi na huruma, na kwa muda mrefu nilidhani hivyo ni vitu viwili vya aina moja. Sasa naona kwamba kuna siku mapenzi huwa yamechoka kama watu wenyewe walivyochoka, na huruma ndiyo inayopika uji.

Taabu kubwa kuliko zote ilikuwa yule binti. Kama mwalimu wake alinipenda. Kama mke wa baba yake alinikataa. Wiki ya kwanza nilipomwambia anaweza kuniita mama, alinijibu kwa upole kabisa, «Wewe ni mwalimu wangu,» kisha akaenda kulala na kanga ya marehemu mama yake. Sikumlazimisha. Nilimwuliza mume wangu kama zile safari za kwenda Bweni ninaweza kuzichukua mimi, na kwa miezi mingi tulivuka pamoja, mtoto na mimi, tukikaa kivukoni bila kusema mengi, naye akibeba kikapu cha samaki wa bibi yake. Kule nilikaa mkekani na kusikiliza habari za mwanamke aliyenitangulia: jinsi alivyocheka, jinsi alivyochukia bamia, jinsi alivyokuwa akiimba akifua. Mwezi wa saba au wa nane, tukiwa tunarudi, maji yakiwa yamejaa na jua limeinama, binti aliniuliza kama dada wa mama huitwa mama mdogo hata kama hawakuzaliwa tumbo moja. Nilimwambia kwamba anaweza kuitwa. Tangu siku hiyo mimi ni Mama Mdogo, na sijawahi kupewa jina nililolipenda kuliko hilo.

Njia ya Makka ilifunguliwa tena, na mwanzoni mwa 2023 mama na kaka yangu walikuwa tayari kwenda umra. Sisi pia tulikuwa tumejiwekea akiba ili mimi niungane nao, na mume wangu ndiye aliyekuwa akinihimiza zaidi. Lakini nilikuwa na mimba changa, nikiwa na miaka 40, na daktari alinishauri nisisafiri. Safari ya pili ikanipita kama ile ya kwanza, nami sikulia. Nilifungua kasha la mvule, nikalitoa daftari la 2020, nikaongeza majina mapya, nikampa mama alipokuja kutuaga.

Alirudi baada ya wiki mbili na nusu na tende, maji ya zamzam na miguu iliyovimba. Tulimkalisha barazani, binti akamletea beseni la maji ya uvuguvugu, na baada ya kupumzika mama alilitoa daftari kwenye mkoba wake akanikabidhi. «Nimewaombea wote,» akasema, «jina kwa jina, hata wale waliokwisha kufa nimewaombea rehema. Ila ukurasa wa kwanza nimeuruka. Nimekosea?» Nilikuwa nimeusahau kabisa ukurasa ule. Nilimwambia hakukosea, nikalirudisha daftari kwenye kasha, na mume wangu akainuka kwenda kumchemshia mama chai.